Kuonja Si Kula

Wifi yangu hajawahi kula kazini. Ukimuuliza atakuapia, na ukimbishia atakuonyesha mlango uko wapi. Miaka kumi na tisa amepika katika jiko la chuo cha ufundi, wanafunzi mia nne kila siku ya Mungu, na kwa maneno yake mwenyewe hakuna punje ya wali wa chuo iliyowahi kumshibisha. "Mimi naonja tu," husema. "Kuonja si kula."

Mimi ni mke wa mdogo wake, na yeye ndiye aliyeniingiza pale. Mwaka nilioolewa alinitazama vidole, akasema vidole hivi vitakata vitunguu, na tangu siku hiyo nakata vitunguu. Meza yangu iko hatua nne kutoka kwenye majiko yake. Yeye ni mpishi mkuu, mimi ni wa pili. Wanafunzi humwita Shangazi, na mimi huniita "yule mwingine", jambo ambalo nimelizoea bila kulipenda.

Sasa sikilizeni anavyoonja. Wapishi wengi hudondosha mchuzi kidogo kwenye kiganja, wakalamba, basi. Wifi ana kikombe cha bati. Huchota nusu kikombe, akatafuta kipande cha mkate, kwa sababu ati mchuzi haujulikani tabia yake mpaka ukutane na mkate. Kila sufuria huonjwa mara tatu: kabla ya chumvi, baada ya chumvi, na mara ya tatu ni ya kuliaga kabla halijapelekwa dirishani. Na masufuria ni sita. Zidisheni wenyewe, mimi hesabu ilinikimbia shuleni.

Asubuhi moja alipokuwa anaipua sufuria la maharage, alipepesuka. Nilimshika kiuno, au tuseme nilishika sehemu ya kiuno, kwa maana wifi ni mtu wa mwili na mikono yangu ina mwisho. Muuguzi wa chuo akampima. Presha ilikuwa juu, uzito juu, na sukari nayo ilikuwa inanyemelea. Msimamizi wetu, mwanamume mpole asiyependa makelele, akasema kwa upole kwamba mtu mwenye presha ya namna ile hawezi kusimama juu ya maji yanayochemka. Alimpa miezi mitatu. Vipimo vikishuka, atabaki kwenye majiko yake. Visiposhuka, atahamishiwa stoo kugawa vitunguu na kuhesabu magunia, na jiko litapata mpishi mkuu mwingine.

Huyo mwingine alikuwa mimi. Hakuna aliyelisema, ila hakukuwa na mtu wa tatu.

Nitasema ukweli, maana nimeshazeeka kidogo na uongo unanichosha. Nilikitaka kile cheo. Nilimhurumia wifi kwa moyo wangu wote, na kwa moyo huo huo nilijiona nimesimama pale kwenye moto mkubwa, nikiitwa kwa jina linaloeleweka. Watu wanadhani huruma na tamaa haziwezi kukaa chumba kimoja. Kwangu zililala kitanda kimoja.

Muuguzi alimpa wifi daftari dogo na maagizo. Ale asubuhi, asiache. Nusu ya sahani iwe mboga, maharage yasikosekane, wali kiasi cha ngumi. Anywe maji, atembee jioni. Na aandike kila kinachopita mdomoni.

Wifi alishika yote isipokuwa la kwanza. "Mtu anataka kupungua halafu anaanza siku kwa kula?" aliniambia. "Huyo dada ni mzuri lakini bado mtoto. Mimi asubuhi nitakunywa chai kavu, basi."

Jamani, ile chai kavu! Saa mbili alikuwa anaimba. Saa tatu ameacha kuimba. Ikifika saa nne, hata mwiko ulikuwa unamwogopa. Alimgombeza mleta gesi kwa sababu mtungi ulikuwa mzito, kana kwamba mitungi mingine huja na mbawa. Tumbo lake likinguruma alilisemesha kama mtoto mtukutu: "Nyamaza, wageni watasikia!" Alitafuna karoti mpaka nikamwonya kwamba ataota masikio marefu. Wakati mwingine aligeuza kiti ili asiutazame mkate, kisha akageuza shingo.

Na aliendelea kuonja. Tena mwenye njaa hana miiko: nusu kikombe kikawa kikombe. Mara tatu zikawa nne, kwa sababu maharage siku hizi, alisema, hayaaminiki. Jioni alifungua daftari, akalaza ulimi pembeni kama mwanafunzi, akaandika: chai bila sukari. Kabichi. Kipande cha samaki. Maji glasi sita. Aliandika kwa uaminifu kabisa. Ungemweka mbele ya hakimu angeapa, na asingekuwa muongo, kwa sababu mpishi anapoonja anafanya kazi, na nani anaandika kazi kwenye daftari la chakula?

Mimi nilimwona tangu wiki ya kwanza. Kila kikombe kilipopanda mdomoni kisu changu kilisimama juu ya kitunguu, nikamwangalia, halafu nikaendelea kukata.

Mwezi wa kwanza ulipoisha, muuguzi alimpima. Uzito ulikuwa umepanda kilo moja na presha haikusogea hata kidole. Wifi alikaa kwenye benchi la nje akiwa amelipakata daftari lake.

"Ananiona muongo," alisema. "Hakusema, lakini niliona macho yake. Wifi, mimi nalala na njaa. Nalala nasikia tumbo linaniita kwa jina. Sasa nijinyime nini tena?"

Nikamwambia, "Pole, wifi. Mwili una mambo yake." Hilo ndilo jibu nililompa, mimi niliyekuwa na dawa mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa ile nguo yenyewe.

Wiki ya sita akaamua la kwake. Aliacha chakula cha mchana, akaacha na cha jioni, akabaki na chai na karoti. "Kama mwili unataka vita, utavipata," alisema. Siku ya tatu ya vita hivyo, alipokuwa anamimina supu, miguu ilimlegea tena. Supu ilimwagika sakafuni kidole kimoja kutoka kwenye miguu yake. Nilimkalisha, nikampepea kwa kifuniko, na yeye, midomo ikiwa mikavu, akaniuliza kitu kimoja tu: "Msimamizi ameona?"

Nilijichukia. Nasema hivyo hivyo, nilijichukia. Nilikuwa natazama mtu akijichoma ili mimi nipate kusogea hatua nne.

Kesho yake nilikuja na beseni na kikombe cha bati cha kwangu. Beseni nililiweka chini ya meza, nyuma ya gunia la viazi. Kila wifi alipoonja, nami nilipita kwenye sufuria lile lile, nikachota kiasi kile kile, nikamwaga kwenye beseni. Akila kipande cha mkate, nami nilitupia kipande. Aliniuliza mara moja, "Na wewe leo una nini na masufuria yangu?" Nikamjibu kwamba najifunza kazi. Akaguna.

Saa saba, wanafunzi walipokwisha kuhudumiwa, nilivuta beseni nikaliweka mezani mbele yake. Wali, maharage, nyama, viazi na mikate vilikuwa vimekaa humo pamoja kama watu wasiojuana kwenye foleni. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni.

"Uchafu gani huu?" akauliza.

"Ni chakula chako."

"Changu? Mimi sijala tangu jana."

"Hicho ndicho ulichoonja leo. Kuanzia saa mbili hadi sasa. Nimekufuata kikombe kwa kikombe."

Alinitazama, akalitazama beseni, akanitazama tena. Kwanza alikasirika, na mimi nilishajiandaa, nilikuwa nimeweka visu mbali. "Hiyo ni kazi!" akapiga meza. "Nitapikaje bila kuonja? Unataka mia nne wale chakula cha kipofu?"

"Onja, wifi. Lakini tumbo halijui kama hicho ni kazi. Tumbo linajua kimeingia."

Alichukua mwiko, akalikoroga beseni taratibu kama anayetafuta kosa langu ndani yake. Alikuta mfupa. Akaukumbuka ule mfupa, niliona usoni. "Huu ulikuwa na nyama," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa nayo."

Basi akaanza kucheka. Wifi akicheka, mifuniko hutikisika. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa aproni, halafu machozi yakaendelea kuja na kicheko kikaacha. "Haba na haba," alisema, na hakumaliza, kwa sababu kibaba chenyewe kilikuwa mezani.

Siku iliyofuata tulianza upya. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kuwasha jiko hata moja, nilimkalisha kitini, maana mtu huyu alikuwa hajakaa kula tangu namfahamu. Mayai mawili, mboga iliyojaa nusu ya sahani, nusu parachichi, kipande kimoja cha mkate. Alikula akinung'unika kwamba namnenepesha kwa ajili ya sikukuu. Saa nne ikafika, nikajificha nyuma ya gunia nisubiri kimbunga. Hakikuja. Wifi alikuwa anaimba, na mleta gesi alipoingia aliulizwa hali ya mkewe.

"Njaa imepotea njia leo," aliniambia kwa mshangao.

"Haijapotea. Imekuta mtu nyumbani."

Njaa nyingine alijifunza kuzijua kwa sura. Kuna iliyokuwa kiu tu, akainywesha maji ikaondoka. Kuna iliyokuwa uchovu, akaikalisha kidogo. Kuna iliyokuja kila akisikia harufu ya mkate, na hiyo aliiita jirani mmbea: usipomfungulia, anakwenda kwa wengine. Ile ya kweli aliipa maharage na kabichi, bila ugomvi. Jioni tulitembea kutoka chuoni hadi nyumbani, yeye mbele akidai mimi natembea kama kobe mwenye mimba.

Ila kuonja kulibaki. Nilimpa kijiko kidogo badala ya kikombe, kikamshinda. Alisema ni kama kumsalimia mtu kwa ukucha. Siku moja akaniita kwenye moto.

"Onja wewe. Uniambie."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa?"

Nikaonja. Nikamwambia chumvi bado kidogo. Akaniuliza bado kidogo kama nini, nikajieleza, akatia. Akaniuliza kama tangawizi imesikika mwanzo au mwisho. Nikaonja tena nijue. Hivyo ndivyo tulivyopika wiki zile: mikono yake, ulimi wangu. Nilikuwa namjibu, na kila alipoliamini neno langu bila kuonja, nilirudi kwenye vitunguu vyangu nikiwa nimeinamisha macho.

Miezi mitatu ilitimia siku ya Jumatatu. Kilo saba zilikuwa zimeondoka. Presha ilikuwa imeshuka hadi mahali pake, na sukari imerudi nyuma. Muuguzi aliipima mara mbili kwa kutoamini, kisha akaandika barua kwa msimamizi pale pale: aendelee na kazi yake ya jiko. Wifi aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma akiwa amekaa, akamkumbatia yule binti mpaka kofia ikaanguka.

"Na wewe panda," muuguzi akaniambia, akionyesha mizani. "Wapishi wote wanapimwa leo."

Nilipanda kwa madaha. Nilishuka nikiwa na kilo tatu ambazo hazikuwa zangu.

"Unakula nini?" akauliza muuguzi.

"Sili," nikasema. "Naonja tu."

Wifi alilia kwa kicheko mpaka akashika ukuta.

Tulirudi jikoni kwa mguu, barua ikiwa kifuani kwake. Njia ilikuwa tupu, na niliona kwamba nisiposema pale sitasema tena. Nikamwambia, "Wifi, mimi nilijua tangu wiki ya kwanza kwamba ni kuonja. Nilinyamaza wiki sita. Nilikuwa nakitaka cheo chako."

Hakusimama. Aliendelea kutembea, mwendo ule ule.

"Kwamba ni kuonja sikujua," alisema. "Lakini kila nikinyanyua kikombe, kisu chako kilikuwa kinanyamaza. Nikasema huyu ana neno. Na cheo, nani asiyekitaka? Hata mimi nilikitaka cha mwenzangu aliyenitangulia, Mungu amrehemu. Hilo halikunisumbua." Akafika mlangoni, akaushika mlango. "Kilichonisumbua ni kwamba sikujua kama unanitaka na mimi. Siku ile ya beseni nikajua."

Nilibaki pale kizingitini nikilia kama mjinga, na hakukuwa na kitunguu cha kusingizia. Ndani wifi alikwisha kuwasha jiko la kwanza, na alikuwa ananiita nije nimwambie maharage yamefikia wapi.