Mzimu Uliomwonya Kaka Yangu

Nakumbuka Jumanne moja ya baridi kali, mwanangu, mwaka wa elfu mbili na kumi na saba, tukiwa darasani katika ukumbi wa kanisa mtaa wa Troyeville, huku kusini mwa Afrika tulikohamia. Tulikuwa watu wazima, Wakongo wengi na Watanzania wachache, tunajifunza Kiingereza baada ya kazi. Mimi nilikuwa nasuka nywele mtaa wa jirani, Bertrams. Pembeni yangu alikaa kaka yangu Déo, fundi wa kushona.

Kwanza umjue Pascal, mdogo wetu. Yeye na Déo walifungua duka la kushona pamoja, kila mmoja na cherehani yake. Pascal aliugua mapafu akafariki, akamwacha mkewe Riziki na watoto wawili katika chumba cha kupanga kule Turffontein. Baada ya matanga Riziki alikuja dukani, nami nilikuwepo.

"Shemeji," alisema, "naomba cherehani ya marehemu. Nitashona nyumbani, watoto wapate kula."

Déo hakuinua macho. "Cherehani ni ya duka. Nikiitoa, wateja nitawaambia nini?"

Riziki alirudi kuomba tena, kisha akaacha kuja. Déo akaajiri fundi mwingine akalie kiti cha Pascal, na kazi ikazidi.

Basi Jumanne ile mwalimu alitusomea hadithi ya Uingereza ya enzi za Malkia Victoria. Mfanyabiashara wa vitambaa amekufa, na mzimu wake unamrudia mshirika wake aliye hai, bahili kama yeye. Viganja vya mzimu vimefumbwa, havifunguki tena. Unamwambia, "Mimi nimechelewa. Wewe bado."

Déo akanyoosha mkono. "Mwalimu, yule aliye hai alifanya nini?"

"Kulipokucha alitoka kuwatafuta aliowadhulumu," mwalimu akajibu. "Akawakuta."

Tulipotoka, tukisubiri robot, yaani taa ya barabarani, iwake kijani tuvuke, Déo akaniambia taratibu, "Dada, leo katika hadithi ile nimemwona Pascal. Nitampelekea Riziki cherehani yake."

"Twende kesho asubuhi."

"Kesho nina suti za harusi. Twende Jumamosi."

Ndivyo alivyokuwa kaka yangu. Hata wema aliuweka kwenye foleni, nyuma ya faida.

Jumamosi tulikodi gari, tukaibeba cherehani mpaka Turffontein. Mlango ulifunguliwa na mama tusiyemjua, mikono ina sabuni. Tulipomuulizia Riziki, akatujibu kwa Kizulu, "Yule mwenye watoto wawili? Alitolewa juzi. Mwenye nyumba aliweka vyombo vyao barabarani."

Juzi ilikuwa Alhamisi. Jumatano Riziki alikuwa bado mle ndani.

Simu yake haikupatikana. Tuliuliza makanisani, saluni, stendi za mabasi. Ndugu zake kule nyumbani Bukavu hawakuwa na habari, na hawanazo mpaka leo. Déo amezeeka vibaya. Kila mgeni kutoka nyumbani anamuuliza swali lilelile, mpaka watu wakimwona wanapita upande wa pili. Watoto wale, kama wako hai, sasa ni wakubwa, na jina la baba yao mkubwa sijui wanalitajaje. Sina neno la kumfariji kaka yangu, wala sitakudanganya kwamba ipo siku watarudi.

Mwanangu, uchoyo haukuambii usitoe. Unakuambia utoe Jumamosi. Katika hadithi, aliyeonywa alitoka asubuhi akawakuta watu wake. Huku kwetu watu wanahamishwa, wanapotea, wanakufa, na majuto yako hawayasikii. Ukijua kitu ni haki ya mtu, kibebe leo hii umpelekee, hata kama kazi yako itaharibika.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa, na kila mlango utakaoubisha kwa ajili ya haki ya mtu, akujalie umkute mwenyewe bado yupo.