Machicha ya Orofa ya Tatu

Pale ofisini walimwita Mama Chupa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewapikia kahawa wapima ardhi wa orofa ya tatu, katika jiko ambalo watu wawili wakiingia mmoja hana budi kurudi nyuma ndipo mwenzake ageuke. Chupa zake za kuhifadhi moto zilikuwa tano. Kila asubuhi alichemsha sufuria moja kubwa, akachuja, akazijaza, na kabla chupa yoyote haijaingia kwenye chumba cha mkurugenzi, kikombe cha kwanza kilishuka ngazi kwenda getini kwa mlinzi.

"Anayefungua geti ndiye anayefungua siku," alikuwa akisema. "Siwezi kuanzia juu."

Hiyo ilikuwa sheria yake, na hakuna aliyemtungia. Kahawa aliyokunywa mkurugenzi ndiyo aliyokunywa dereva, ndiyo aliyokunywa dada msafishaji aliyesimama na fagio lake mlangoni. Sufuria moja, mwiko mmoja. Mama Chupa hakuwa na vyeo wala shahada, lakini kwa jambo hilo alitembea kifua mbele.

Kisha ikaletwa mashine.

Afisa utawala, kijana mwenye bidii aliyependa kupiga picha kila kitu kwa simu yake, aliiweka juu ya meza ya jiko kama mtu anayelaza mtoto. Ilikuwa nyeusi, ndogo, yenye mkono mmoja wa kuinua na kitufe kimoja cha kubonyeza. Kahawa yake ilikuja ndani ya vikopo vidogo kama kidole gumba, vyenye vifuniko vyembamba vya bati. Ofisi nzima iliviita vidonge.

"Mama, tazama," alisema. "Inua, weka kidonge, shusha, bonyeza. Basi."

Mashine ikanguruma, ikatema kikombe kimoja chenye povu, na kidonge kilichotumika kikadondoka kwenye droo yake tumboni.

"Na mimi nafanya nini hapo?" Mama Chupa aliuliza.

"Unapumzika!"

Wote wawili wakacheka. Afisa akaeleza kwamba ni majaribio ya mwezi mmoja, na mwisho wa mwezi kila mtu atatoa maoni kama mashine ibaki au irudishwe. Mwezi huo kahawa ya sufuria haitanunuliwa. Akabandika orodha ukutani, yenye majina ya watumiaji wa vidonge. Mama Chupa aliisoma mara mbili. Wahandisi walikuwemo, wachoraji wa ramani walikuwemo, hata wanafunzi wa mafunzo walikuwemo. Mlinzi hakuwemo. Dereva hakuwemo. Msafishaji hakuwemo.

Alifungua mdomo aulize. Wakati huohuo goti lake la kulia lilimchoma, lile lililochoka kwa kubeba sufuria ya maji ya moto kutoka jikoni hadi mezani, na akaufunga mdomo. Mashine haikuhitaji kubebwa. Haikuhitaji afike saa kumi na mbili asubuhi. Haikumwachia masizi kwenye kucha. Akajiambia, ngoja kwanza, nitauliza kesho. Kesho ile haikufika.

Asubuhi iliyofuata mlinzi alipanda mwenyewe, kikombe mkononi. Alikuwa mtu mnene mwenye utani mwingi, na kwa jinsi alivyopiga saluti hata kwa paka wa jengo, watu walimwita Kamanda.

"Mama Chupa! Geti limefunguliwa, siku bado imefungwa. Kulikoni?"

Angemwambia nini? Kwamba jina lako halimo kwenye orodha? Kwamba mimi nilisoma nikanyamaza? Uso ulimwaka kama aliyeinamia jiko.

"Nenda, Kamanda, nakuletea," alisema.

Alipobaki peke yake, akavuta droo ya mashine. Vidonge ishirini na kitu vya wakubwa vilikuwa vimelala humo, bado vina uvuguvugu. Akachukua kisu cha matunda, akachana kidonge kimoja. Ndani kulikuwa na machicha meusi, yenye harufu nzuri tu. Mwanamke aliyelelewa asitupe hata maji ya kuoshea mchele ataona nini hapo? Aliona kahawa inayotupwa. Akavichana vyote, akayachemsha machicha pamoja na tangawizi na sukari ya kutosha, akachuja mara mbili. Rangi ilitoka. Nguvu haikutoka sana, lakini rangi ilitoka.

Akashuka nayo getini. Kamanda alikunywa, akalamba midomo.

"Mungu akubariki, mama. Wenzangu wa majengo mengine, mashine ikinunuliwa wanasahauliwa. Wewe hukutusahau."

"Amina," alisema Mama Chupa, na akapanda ngazi haraka kuliko magoti yalivyotaka.

Laiti mambo yangeishia siku hiyo moja. Lakini aliyekula leo kesho ana njaa. Ikawa kila jioni anachana vidonge, anayatandaza machicha kwenye sinia karibu na dirisha ili yasivunde, na asubuhi anayachemsha. Kila siku alipokea shukrani, na kila shukrani ilimwingia kama mwiba wa samaki, haimeziki na haitemeki. Msafishaji, rafiki yake wa miaka kumi na mmoja, alimtania bila kujua anagusa wapi.

"Shoga, siku hizi kahawa yako imekuwa na huruma. Zamani ilikuwa inanitoa macho. Sasa hivi nakunywa nalala kama mtoto."

"Umri huo," Mama Chupa alijibu. "Usingizi unakudai."

"Na hivyo vidonge je? Pipa langu siku hizi napata maganda matupu. Vilivyomo ndani unapeleka wapi, au umefungua bustani?"

"Napelekea maua," akasema, na akageukia sinki akaosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Mwezi ulipokaribia kuisha, afisa alimwambia kuwa maoni yake ndiyo yatakayosikilizwa kwa makini kuliko yote, kwa kuwa jiko ni lake. Aandike faida na hasara. Jioni hiyo alikaa mezani na binti yake, fundi cherehani, ambaye alichora mstari katikati ya karatasi kama wanavyofundishwa shule.

"Faida huku, hasara huku. Haya, mama, faida."

"Haraka. Kabla mtu hajamaliza salamu kikombe kimejaa. Andika na usafi. Andika kila mtu anapata nguvu anayotaka, anayependa nyepesi, anayependa nzito. Zamani mhandisi mkuu alikuwa ananung'unika kila siku. Na hakuna kinachobaki kikamwagwa."

"Na magoti yako."

"Magoti usiandike. Magoti ni ya kwangu."

"Hasara?"

"Kikombe kimoja kimoja. Wakija wageni kumi na wawili, wa kwanza anamaliza wa mwisho hajapata. Takataka, mwanangu, takataka! Kikombe kimoja cha kahawa kinaacha ganda litakalotuzika sisi lenyewe likabaki. Na vidonge vikiisha dukani, ile mashine ni jiwe tu. Sufuria haikosi kazi, ikikosa kahawa itachemsha maji." Akafikiri. "Tena watu hawasalimiani. Mtu anaingia, anabonyeza, anatoka. Naonana na migongo."

Binti aliandika yote. "Mbona pande zote zinalingana? Wewe mwenyewe unataka ibaki au iondoke?"

Hapo ndipo palipokuwa na jipu. Alitaka ibaki. Aliitaka kwa magoti yote mawili. Na alijua kwamba hasara kubwa kuliko zote haikuwa kwenye karatasi, kwa sababu kuitaja ni kujitaja.

"Nitajua hukohuko," alisema.

Ijumaa saa tatu asubuhi mkurugenzi, mama mmoja mwenye maneno machache, aliagiza watu wote waje kwenye chumba cha mikutano, wa juu na wa chini. Kamanda alifunga geti akaja, akasimama nyuma ukutani kofia mkononi. Msafishaji na dereva walisimama karibu naye. Mama Chupa alipewa kiti cha mbele, karatasi yake imekunjwa mara nne.

Afisa utawala ndiye aliyefungua. Alisema juu ya muda uliookolewa, juu ya usafi wa jiko. Kisha akatabasamu.

"Lakini kuna faida moja ambayo hatukuitarajia, na sifa zake zote ni za Mama Chupa."

Akaonyesha picha ukutani. Ilikuwa sinia ya machicha, imepigwa kutokea mlangoni mwa jiko, na ndani ya picha ulionekana mkono wa Mama Chupa umeshika kisu na kidonge kilichochanwa.

"Jamani, huyu mama hatupi kitu! Anakusanya machicha ya vidonge vyetu, anayakausha, anawapikia wenzetu wa chini. Kwa hiyo hakuna anayekosa. Sisi tunakunywa, na kinachobaki kinawatosha wao. Mimi nasema mashine ibaki, na mpango huu uendelee."

Wahandisi wawili walipiga makofi. Makofi yalikufa njiani.

Mama Chupa hakugeuka nyuma, lakini mgongo wake ulijua. Msafishaji alitoa kicheko kifupi, kikavu, cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. Kamanda, mtu wa utani, alisikika akiikunja kofia yake. Laiti sakafu ingepasuka, angeingia na kiti chake.

"Mama," mkurugenzi aliuliza polepole, "ni kweli?"

Angeweza kusema ndiyo, akaketi, akasifiwa. Njia ilikuwa wazi, imefagiliwa kabisa. Akainuka, karatasi ya binti yake akaiacha kitini.

"Ni kweli nimewapikia machicha," alisema. "Kwamba ni mpango, si kweli. Wao hawakujua. Niliwapa nikawaambia ni kahawa, wakanishukuru, nikaitikia amina."

Hakuna aliyemsaidia.

"Nilipoona orodha haina majina yao, ilinipasa niulize. Sikuuliza. Niliogopa nikiuliza mtaiondoa mashine mnirudishie sufuria, na magoti yangu yameichoka sufuria. Mashine haina kosa, inafanya inavyobonyezwa. Hasara mliyonituma niandike ni mimi. Mmenisifu kwa jambo ambalo nililificha kwa sababu nilijua ni baya."

Akaketi. Afisa utawala alizima picha bila kuambiwa, masikio yake yamebadilika rangi. Alikuwa hajawahi kuona kuwa orodha aliyoiandika ilikuwa na shimo, na sasa watu watatu walikuwa wamesimama ndani ya shimo hilo wakimtazama. Mkurugenzi aliandika kitu kwenye daftari. Kisha akasema mashine itabaki, orodha itakuwa ya kila mtu anayefanya kazi ndani ya jengo, kuanzia Jumatatu, na wageni wakiwa wengi sufuria itachemshwa na atapatikana mtu wa kuibeba. Kikao kikaisha. Watu walitoka wakimpita Mama Chupa kwa adabu, kama wanavyompita mfiwa.

Kamanda alikuwa ameshashuka.

Jumatatu Mama Chupa aliwahi. Aliweka kidonge kipya, kile chenye nguvu kuliko vyote, akabonyeza, akakishika kikombe kwa mikono miwili na kushuka orofa tatu bila kumwaga hata tone. Kamanda alikuwa kwenye kibanda chake anaandika namba za magari.

"Kamanda, siku njema. Hii ni ya kwako. Ni mpya. Nimeifungua mwenyewe."

"Ahsante, mama. Nimekunywa nyumbani."

"Onja tu."

Akaweka kalamu chini. Hakuwa na hasira usoni, na Mama Chupa alitamani angekuwa nayo.

"Nitakwambia kitu. Mimi nimekulia nyumba ya watoto tisa, machicha nayajua. Ungeniambia, Kamanda, leo kuna machicha tu, ningesema lete, na tungecheka. Ningeyanywa mwezi mzima. Lakini ulinyamaza. Juzi nimekusifu kwa mke wangu nyumbani, nikamwambia kazini kuna mama hasahau watu. Sasa nikamwambie nini?"

Kikombe kilianza kumchoma Mama Chupa vidole, akakivumilia.

"Niwie radhi," alisema.

"Nimesikia, mama."

Gari lilipiga honi nje. Kamanda akainuka, akafungua geti, akapiga saluti, akarudi. Mama Chupa alikuwa bado amesimama palepale.

"Afisa ameniambia jina langu sasa lipo ukutani," Kamanda alisema. "Nikisikia hamu nitapanda mwenyewe. Kubonyeza najua."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayempunguzia mwenzake kazi. Mama Chupa akaitikia kwa kichwa, akageuka, akaanza kuzipanda ngazi na kikombe kilichojaa. Kwenye orofa ya pili msafishaji alikuwa anapiga deki. Aliacha kusugua, akasogeza ndoo ukutani ampishe, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja hakumwita shoga.

"Pita, mama," alisema. "Angalia usiteleze."