Nondo Walioipita Taa

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo sana.

Nondo waliipita taa.

Nondo na taa mnajua wenyewe. Ukiwasha balbu uani wanakuja kujigonga mpaka wanaanguka. Jioni ile walifika, wakaipita balbu kama hawaioni, wakaenda kutua begani kwa Bi Sabaha.

Bi Sabaha akawapangusa, akaendelea kuchambua mchele.

"Wananipenda hawa," akasema. "Wanaume wa Kariakoo wamenishinda, acha niolewe na nondo."

Tulicheka wote. Badria hakucheka. Alimfunika mwanawe uso kwa mtandio, akaingia ndani.

Naitwa Tatu. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo mtanivumilia.

Tunaishi Kariakoo upande wa Jangwani, kwenye nyumba ya zamani ambayo maghorofa yameizunguka pande zote. Chumba cha nyuma ni mimi na Bi Sabaha. Siyo mama yangu mzazi. Mama alipofariki alinichukua, akanilea kwa vitumbua vyake.

Chumba cha mbele ni Khalfani, anasukuma mkokoteni sokoni, na mkewe Badria, na mtoto wao aliyekuwa ndiyo anaanza kutambaa.

Mimi siongei. Siyo bubu, aibu tu. Khalfani aliniita Bi Kimya.

"Bi Kimya, leo umetoa neno au tukununulie bando?"

Ninacheka chini chini, basi.

Badria yeye ana fomu foo. Kila alasiri alitusomea simulizi kwenye simu, simulizi kama hizi hizi, anaigiza mpaka sauti za majambazi. Bi Sabaha alikuwa hakosi. Hajui kusoma, ila Badria akiruka hata mstari mmoja anamgundua.

"Umeruka wewe! Rudi nyuma."

Sasa niwaambie kazi yangu.

Nalima mchicha na chainizi bondeni, kwenye Bonde la Msimbazi. Adui yetu masika ni sota. Ni kiwavi mnene, mchana anajikunja chini ya udongo, usiku anatoka na kukata mche shingoni. Asubuhi unakuta miche imelala kama kuna mtu kapita na panga.

Mwaka huu bwana shamba, Augustino, alituletea mitego.

"Sota ni mtoto," akatuambia. "Mama yake ni nondo. Ukimwona nondo umewahi. Ukisubiri sota, umeliwa."

Mtego wenyewe ni ndoo nyeupe yenye mfuniko kama mwavuli. Chini ya mfuniko kuna kimpira kidogo chenye harufu ya nondo jike. Sisi hatuisikii. Madume wanaisikia kutoka mbali, wanakuja wanatafuta mke, wanatumbukia. Mimi kila asubuhi nafungua ndoo, natenga nondo wa sota na wadudu wapita njia, naangalia kama wameongezeka, napiga picha namtumia Augustino.

Kazi isiyotaka maneno. Niliipenda.

"Kimpira msikishike kwa mkono mtupu," alisema.

Glovu aliahidi, hazikuja. Siku ya kubadilisha nilikishika kwa pindo la khanga. Kile cha zamani alitaka tumrudishie, basi nikakifunga kwenye pindo, palepale wanawake tunapofunga hela. Nikakisahau.

Na khanga zetu, mimi na Bi Sabaha, hazina mwenyewe. Kila mtu anachukua iliyo karibu kwenye kamba.

Siku mbili tatu baadaye mtoto wa Badria akashikwa na degedege.

Hospitali watakwambia ni homa kali. Lakini sisi tuliokulia kwa bibi zetu wa Pwani tumesikia jingine, kwamba degedege linaletwa na mdudu wa mabawa anayepita juu ya mtoto. Na nyumba nzima ilikuwa imeshaona wadudu wa mabawa wanakaa kwa nani.

Nilikuwa natoka bondeni, magharibi inaingia, mwanga bado upo. Nikasikia kelele kabla sijakunja kona.

"Mchawi! Mtoeni nje!"

Khalfani alikuwa amemburuta Bi Sabaha kwa mkono mpaka katikati ya mtaa. Kundi limejaa. Wengine siwajui kabisa, walikuwa wanapita na mizigo yao wakaitua ili wapige.

Mateke yalikuwa yanatua mgongoni kwake kama mtu anatwanga kisamvu. Mmoja alimkanyaga vidole. Meno mawili yalikuwa chini kwenye vumbi.

"Nondo wanamfuata kila jioni!" Khalfani analia huku anapiga. "Anawatuma kwa mwanangu!"

Na Bi Sabaha, mdomo umejaa damu, anasema hivi. Nimeyashika maneno yake mpaka leo.

"Khalfani mwanangu, mpeleke mtoto hospitali kwanza. Mimi utanikuta, utanipiga baadaye."

Hapo ndipo mchi ulipotoka nyuma yake.

Mchi wa kinu chetu cha uani. Niliuona unapanda. Niliuona na mkono uliouinua, una maua ya hina, maana Idi ilikuwa imepita majuzi tu.

Ukashuka kisogoni.

Bi Sabaha hakupiga kelele. Alianguka kama khanga inavyoanguka kwenye kamba.

"Leteni tairi!"

Tairi likaja kutoka kwa fundi wa pembeni. Mrisho, kijana wa bodaboda, akafyonza petroli kwenye pikipiki yake, akajaza chupa ya maji.

Nilifungua mdomo. Ikatoka hewa tupu.

Nikaingia katikati ya miguu ya watu. Fimbo ilinivunja kidole, sikujua mpaka baadaye. Nilipomfikia nilimwona nondo mmoja anatembea juu ya damu, anaelekea kwenye pindo la khanga aliyojitanda. Penye fundo.

Kimpira!

Niliivuta ile khanga. Khalfani akaidaka upande wa pili.

"We Bi Kimya, kumbe na wewe ni mmoja wao?"

Akaipokonya, ikamfunika kifua na bega. Na nondo wakamfuata. Mmoja shingoni. Mwingine kwenye ndevu. Mwingine juu ya sikio.

Kundi likawaangalia wale nondo.

"Oya," mtu akasema, "si wanaenda kwa Khalfani?"

Hakuna aliyeuliza la pili. Tofali lilitoka nyuma likampasua paji la uso. Akapigwa ngwala, akaanguka, mateke yakahamia kwake.

"Jamani ni mimi! Mimi ndiye mwenye mtoto!"

Nilimwona anatafuta uso mmoja wa kumwonea huruma. Wote aliwaita yeye mwenyewe.

Hapo sauti ikanitoka. Sijui iliishi wapi miaka yote.

"MPIRAAA!"

Watu waligeuka kwa mshangao tu. Nikalidaka pindo la khanga pale chini, nikalifungua fundo kwa meno, nikakitoa kile kimpira, nikakichomeka ndani ya tairi.

Nondo walimwacha Khalfani. Wakazunguka. Wakatua kwenye tairi.

Mrisho alisimama na chupa yake ya petroli mkononi, akaangalia tairi, akaniangalia mimi.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "tairi nalo mchawi?"

Fimbo zikaanza kuwekwa chini polepole, kama vile si za waliozishika. Waliotua mizigo wakajitwika. Mtaa ukabaki na sisi.

Mrisho ndiye aliyesimamisha bajaji. Bi Sabaha, Khalfani na mtoto walipelekwa hospitali kwa bajaji moja, damu zao zimechanganyika kwenye kiti.

Mtoto alikutwa na malaria. Alipona. Leo anakimbia.

Bi Sabaha aliamka, lakini macho hayakuamka.

Polisi walikuja, wakauliza nani. Kila mtu alijibu jibu moja: wananchi wenye hasira. Askari akanitazama. Nikatazama miguu yangu.

Khalfani ana kovu, na kila asubuhi anatuletea maji. Badria anampikia Bi Sabaha uji. Alasiri anamkalisha mkekani, anamsomea simulizi, anaigiza sauti zote.

"Badria ndiye macho yangu," Bi Sabaha anamwambia kila mgeni. "Mtaa mzima ulinipiga, yeye alikuwa ndani na mwanawe."

Bondeni Augustino alinifundisha kwamba ndoo ikijaa huandiki tu "wadudu wengi". Unawamwaga, unamwangalia mmoja mmoja. Na watu wafanyieni hivyo hivyo. "Wananchi wenye hasira" hajazaliwa mtu wa jina hilo. Kila mkono uliopiga una mwenyewe, na jioni ulirudi nyumbani ukala.

Badria, najua simulizi hii itakufikia, na najua utaisoma kwa sauti kabla hujajua inaelekea wapi. Maua yale ya hina nilikuchora mimi, mkesha wa Idi.

Usiruke mstari. Atakugundua.

Bi Sabaha, mkono ulioinua mchi ndio huu ulioshika simu sasa hivi.