Ndugu wa Kunyonya Waliooana Katika Sehemu ya Saba

Saa nane mchana mjini Wajir, jua limekaa utosini kama mzigo wa kuni, na Abdilatif Alio analowesha magunia. Anayatumbukiza kwenye beseni moja baada ya jingine, anayakamua, kisha anayatundika nyuma ya projekta yake isije ikachemka.

"Hii mashine ni kama ngamia aliyezaliwa mjini," anasema. "Ukimwona ni ngamia, lakini joto kidogo tu anapiga magoti."

Nje ya kibanda chake cha video, chenye kuta za mawe ya chokaa, ndara zimeanza kujipanga mlangoni. Wanaume wanakaa kulia, wanawake kushoto, na katikati linaning'inia pazia la rangi ya udongo. Wote wamekuja na swali moja. Hakuna anayethubutu kumuuliza usoni.

Abdilatif, mwenye umri wa miaka 41, ni mfasiri wa filamu. Picha za Kihindi zinapita ukutani, naye anashika maiki na kuzisema kwa Kisomali, akitia Kiswahili akiona walimu au askari wamekaa. Kazi hii ameifanya miaka kumi na saba. Watu wanaapa kwamba kuna ngamia aliyesimama nje ya ukuta kusikiliza filamu nzima, akagoma kuondoka hadi adui aliposhikwa. Mwenye ngamia hajulikani jina, lakini ngamia anajulikana.

Katika mfuko wa shati lake kuna flashi ambayo imelala humo wiki tatu. Ndani yake kuna sehemu ya saba ya filamu inayopendwa kuliko zote hapa, Mlinzi wa Daraja.

Jina lake la Kihindi hakuna anayelikumbuka. Mlinzi wa Daraja ni jina alilolitoa Abdilatif, kama alivyowapa majina watu waliomo. Shujaa anaitwa Dheere, yaani mrefu, ingawa kimo chake ni cha kawaida tu. Adui mwenye jino la dhahabu ni Ilkadahab. Binti ni Ubax, maana yake ua.

Basi, katika hii ya Saba, Dheere anamwoa Ubax.

Kwingine duniani hiyo ingekuwa habari ya kupigiwa vigelegele. Hapa Wajir ni msiba, kwa kuwa kila mtu hapa anajua kwamba Dheere na Ubax walinyonya ziwa moja. Ni ndugu wa kunyonya, na ndugu wa kunyonya hawaoani. Jambo hilo linafahamika tangu sehemu ya pili, mwaka 2009, pale bibi mmoja mwenye kikohozi alipomshika Dheere mkono akamweleza kwamba ndiye aliyewanyonyesha yeye na Ubax, wakati wa njaa.

Tatizo ni kwamba bibi huyo hakusema hivyo. Aliyesema ni Abdilatif.

"Bibi aliongea kama dakika nne, na Kihindi changu wakati ule kilikuwa salamu na matusi," anakiri. "Ukumbi umenyamaza, unanisubiri. Mfasiri akinyamaza, ukumbi unakufa. Nikajaza."

Kujaza ni sehemu ya kazi. Kila mfasiri hujaza, na hadhira inapenda. Kuna pia kufunika. Mkono wa kushoto wa Abdilatif hushika kipande cha katoni. Dheere na Ubax wakisogeleana kupita kiasi, katoni inapanda mbele ya projekta, ukuta unakuwa mweusi, na sauti inatangaza: "Hapo wanaombana msamaha." Kuanzia ya Tatu hadi ya Sita, katoni haikupumzika. Wajir walifika mahali pa kusema hakuna ndugu duniani wanaokoseana kama hawa wawili.

Sauti yake ilisafiri. Watu waliirekodi kwenye kadi za simu, ikafika Bura, ikafika Rhamu, ikaingia kambi za Dadaab. Zamani kibanda kilijaza watu mia na ishirini kila Ijumaa, kwa shilingi thelathini kila mmoja. Siku hizi simu zimekuja, na akipata arobaini anashukuru Mungu. Waliobaki hawaji kwa ajili ya picha. Picha wanazo mfukoni. Wanakuja kwa ajili ya neno lake, na sasa hilo neno ndilo limetiwa shaka.

Aliyelitia shaka ni Hamze, dereva wa bodaboda mwenye umri wa miaka 22. Wiki tatu zilizopita aliitazama ya Saba kwenye simu, yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Asubuhi yake akaingia kwenye mkahawa wa chai na habari ya harusi.

Samsam Siyad alikuwa hapo na mtungi wake. Ni mama wa miaka sitini na kidogo, muuza maziwa ya ngamia, na katika sehemu zote sita hajawahi kukosa hata moja.

"Warya Hamze, ondoa simu hiyo machoni mwangu," alisema. "Kaka anamwoa dada? Astaghfirullah! Hao Wahindi hadithi imewaishia."

"Eedo, si kaka yake. Hakuna mahali wamesema ni ndugu. Nimesoma yote, mwanzo mpaka mwisho," Hamze alijibu, akimwita shangazi kwa heshima.

"Umesoma nini wewe? Ya Pili ikionyeshwa ulikuwa unafukuza mbuzi bila suruali!"

"Hizo ni stori za jaba, za watafuna miraa, eedo. Adeer Abdilatif, huyo ami yetu, alijitungia tu."

Mkahawa ukapasuka vipande viwili. Wakubwa walisema filamu imepotoka: waliotengeneza sehemu za mwanzo wamekufa au wamefukuzwa, na hawa wapya wanafuata pesa. Vijana walisema hadithi ni ya wenyewe, wakitaka kumwoza Dheere kwa mti wamwoze. Mzee mmoja akaona amepata dawa.

"Alinyonya mara ngapi?" aliuliza. "Sisi tumefundishwa kwamba chini ya mara tano hakufungi undugu. Kama ni mara nne, waoane, tunywe chai."

"Mara nne gani?" Samsam akamrukia. "Bibi alisema Gu nzima, masika yote! Nililia siku hiyo mpaka maziwa yangu yakachacha mtungini."

Ndipo wote walipomgeukia Abdilatif, aliyekuwa pembeni na glasi mkononi. "Sema wewe," walimwambia. "Alinyonya au hakunyonya?"

"Mtaona," alijibu, akaondoka na kuacha chai nusu. Wanaomjua wanasema hilo halijatokea tangu Wajir ichimbwe kisima cha kwanza.

Kumbe jibu lilikuwepo, ila lilikuwa zito kulibeba hadharani.

Abdilatif alizaliwa mwaka wa ukame mkubwa, 1984. Mama yake aliishiwa na maziwa. Mama wa hema la jirani, aliyekuwa na binti mchanga, akampokea, akawa anamweka mtoto huyu ziwa hili na yule ziwa lile. Mvua zilipokuja familia zikaachana, wa kwao wakashuka hadi Bura, wale wa hema la jirani wakabaki kaskazini. Hakuna aliyemwambia mtoto.

Akiwa na miaka ishirini na minne alirudi Wajir, akampenda msichana aitwaye Qali. Wazee wakatumwa kuposa. Walipotaja ukoo na jina la baba, mama wa Qali akauliza kutoka chumba cha ndani, "Huyo ni Alio yule wa mwaka wa njaa?" Kisha akakohoa, akasema, "Basi kunyweni chai mwende. Huyo ni mwanangu."

"Sikumchukia," Abdilatif anasema. "Bila yeye nisingekuwa hai wa kumpenda mtu. Lakini nilirudi nyumbani nikalala siku tatu."

Mwaka uliofuata ilikuja sehemu ya pili. Bibi wa kwenye picha akashika mkono wa Dheere, akakohoa. "Sikupanga," anasema. "Mdomo ulifunguka wenyewe."

Kwa hiyo alipokuwa akiyafunika mapenzi ya Dheere na Ubax miaka yote hiyo, hakuwa anailinda hadhira tu. Na ya Saba ilipofika, alikuwa na njia ya kutokea. Angeweza kutumia zile mara nne za mzee. Angeweza kuipandisha katoni mbele ya harusi nzima na kusema Ubax anaolewa na mwanamume mwingine. Hamze angemcheka, ila Samsam angelala usingizi.

Aliyemzuia ni Qali. Leo ana duka la dawa za mifugo, mume na watoto watano, na Abdilatif huingia kwake kama kaka yeyote, akijimiminia chai kutoka kwenye birika. Siku nne kabla ya onyesho alimkuta anahesabu chupa za dawa ya minyoo.

"Walaal, ya Saba utaionyesha lini?" Qali alimuuliza, akimwita ndugu kwa Kisomali.

"Sijui nitasema nini."

"Sema kilichopo."

"Nikisema kilichopo nitakuwa mwongo wa miaka kumi na sita."

Qali alicheka. "Unadhani mimi sikujua? Nilikuwa nyuma ya pazia kibandani kwako siku ya ile ya Pili. Yule bibi alikuwa na maneno ya mama yangu. Hata kikohozi walikuwa wanafanana." Kisha akaacha kucheka. "Umewafungia watu wa watu ndani ya hema la mama yangu, walaal. Tulionyonya ni sisi. Wao waache waoane."

Sasa ni Ijumaa. Filamu inaanza, inasimama kwa sala ya Alasiri, inaendelea. Sauti ya Abdilatif iko palepale: Ilkadahab anaunguruma, treni inapita, hadhira inapiga kelele. Kisha yanatokea maua na ngoma, na Ubax amevaa nyekundu.

Katoni inabaki chini. Abdilatif anaisimamisha picha.

"Jamaa," anasema kwenye maiki, na sauti si ile ya kazi. "Yule bibi wa ya Pili hakusema aliwanyonyesha. Sikujua alisema nini. Aliyewanyonyesha si bibi. Ni mimi."

Mtu mmoja anacheka, anakoma. Nyuma ya pazia sauti ya Samsam inapanda taratibu.

"Na machozi yangu je, Abdilatif? Hayo nayo ulitunga wewe?"

Abdilatif anaishusha maiki.

Samsam anatoka. Wanawake kumi na mmoja wanamfuata, na upande wa wanaume wanasimama saba. Mlangoni kunakuwa na zogo la kutafuta ndara. Hamze, ambaye kila mtu alitarajia angeshangilia, anaangalia mchanga kati ya miguu yake.

"Adeer," anasema kwa sauti ndogo. "Malizia."

Abdilatif anaiachia picha. Ngoma zinalia. Dheere anamvika Ubax shada shingoni.

"Wanaoana," anasema mfasiri. Haongezi neno.

Walipobaki wawili, Hamze alimsogezea simu. Alikuwa ameitafuta ile ya Pili yenye maandishi, akaipata. Abdilatif alimwona tena bibi wa kikohozi, akamwomba kijana amsomee.

"Anasema, 'Mwoe huyu binti, mwanangu. Usingoje, maisha hayangoji,'" Hamze alisoma. "Basi. Dakika zote nne ni kumbembeleza amwoe."

Abdilatif aliomba asomewe tena. Mara ya tatu alikuwa anatabasamu, lakini kwa upande mmoja tu wa mdomo. "Alikuwa ananiambia hivyo siku yote ile," alisema, "na mimi niko juu yake nampigia kelele."

Anao mpango. Kuanzia Ijumaa ijayo ataionyesha Mlinzi wa Daraja upya kutoka ya Kwanza, Hamze akiwa kando yake kumsomea Kiingereza. Akiwa na uhakika atasema. Mahali ambapo yeye na kijana hawajui, ataizima maiki watu wasikie Kihindi chenyewe. Katika ya Pili, bibi atakapoanza kuongea, anataka kukaa kimya dakika zote nne, kisha ndipo aseme.

Kijana anafikiri watu hawatavumilia kimya hicho. "Hii si maktaba, buda," anamwambia. Abdilatif mwenyewe anakiri anaogopa. Wale wanaume saba anaamini watarudi. Wanaomnyima usingizi ni Samsam na wenzake kumi na mmoja.

Asubuhi iliyofuata, sokoni, Samsam alikuwa akipima maziwa. Alipoelezwa mpango huo na kuulizwa na mwandishi wa habari hii kama atakwenda, kwanza alimhudumia mteja, akafunga mtungi, akafuta mikono.

"Nitaenda," alisema. "Nataka kumsikia huyo mama mwenyewe. Miaka yote nimesikia sauti ya mwanamume. Lakini kuoana? Hilo bado sijalikubali. Wakitaka kutengeneza ya Nane, waje kwanza Wajir watuulize."

Abdilatif alikuwa amepanda juu ya paa la kibanda, akiziba tundu, mwandishi alipomfikishia maneno hayo. Aliteremka ngazi haraka kuliko inavyofaa mtu wa umri wake, nyundo bado mkononi.

"Alisema 'nitaenda', au alisema 'labda nitaenda'?" aliuliza. "Tafadhali, niambie vile alivyosema. Usiongeze kitu."