Harufu ya ubani ambao haukuwashwa

Leo daktari amegusa kichwa cha mjukuu wangu, nami nikamkumbuka marehemu dada yangu.

Mjukuu wangu Rukia ana kifafa. Daktari alimuuliza anahisi nini kabla hajaanguka.

"Nasikia harufu ya ubani," alijibu, "na hakuna aliyeufukiza."

Daktari akamgusa juu ya sikio. "Kifafa chako kinaanzia hapa, ndani ya ubongo. Harufu hiyo ndiyo inayotuonyesha. Dawa zipo."

Bagamoyo, miaka ya sabini, dada yangu Mwanaidi alikuwa akisema maneno hayohayo ya Rukia. Mama aliamini kwamba pepo anadai ubani, basi alikuwa akimwekea karibu chetezo chenye makaa. Nani angemwambia vingine?

Siku moja Mwanaidi alikiangukia. Hakupona.

Tuliporudi nyumbani leo, jirani yetu Bi Tatu alikuwa ameshafukiza ubani barazani.

"Pepo wa mtoto anataka kutulizwa, mwenzangu."

Nilikimwagia maji chetezo.

"Utamkasirisha," alisema.

"Na akasirike."

Moshi ulipokwisha kabisa, Rukia alinishika mkono.

"Bibi, bado naisikia ile harufu."

Nilimlaza sakafuni upesi, mbali na makaa.

Kifafa kilimjia, kikapita; sasa amelala usingizi. Mwombeeni.