Goretti na Somo la Kutii

Kwa miaka kumi na minne Goretti aliwafundisha mabibi harusi wa kanisa letu pale Misiera, kijiji cha wakimbizi karibu na Mbarara, naye mwenyewe hajaolewa hata siku moja. Alikuwa mshonaji, mtu wa Uvira. Jumamosi mchana alisukuma cherehani pembeni, akapanga viti vya plastiki, akawaambia wasichana kwamba mume ni kichwa na mke ni wa kutii.

"Bwana akikosa njia, unyamaze, uombe," alisema. "Mungu atamurudisha."

Wasichana waliandika.

Alipofikisha miaka arobaini na tisa, Appolinaire, muuza ndagala, yaani dagaa, aliyefiwa na mke zamani, alimletea suruali aipunguze urefu. Akairudisha suruali ileile. Akairudisha tena.

"Papa Appo, nikiikata tena itakuwa kaptula."

"Basi kubali nikuoe, niache kuharibu suruali."

Jamani! Goretti alicheka hadi akashona mkono wa blauzi ya mteja kwenye shingo. Juma zima alitia sukari kwenye maharage na kumsalimia mtu mmoja mara mbili. Mchungaji Léonidas akasema hakuna mchumba anayesamehewa masomo, hata mwalimu, kwa hiyo Goretti akaketi mbele ya Doriane, mwanafunzi wake wa zamani, akaitikia "ndiyo, mwalimu" huku akijiziba mdomo kama msichana wa miaka kumi na sita.

Kisha wachumba wakaenda Mbarara kununua kitambaa cha gauni. Goretti aliujua mji ule vizuri, maana ndiko alikonunua nyuzi na vifungo. Lakini waliposhuka tu stendi, Appolinaire alitanua kifua.

"Maduka iko ku ngambo hii. Unifuate."

Hayakuwa upande huo. Goretti alifungua mdomo, akakumbuka somo lake, akaufunga.

Wakapita gereji, wakapita wauza mbao, wakateremka hadi daraja la mto Rwizi. Viatu vipya vilimbana Goretti. "Bwana, umurudishe," aliomba kimoyomoyo, na kicheko kikimpanda kooni. Ng'ambo ya daraja, ng'ombe wenye pembe ndefu waliacha majani wakawatazama.

Mwendesha boda akasimama. "Mzee, nyinyi nakwenda wapi?"

"Kununua kitambaa ya harusi."

"Hapa? Hapa iko ng'ombe tu! Maduka iko kule nyuma, mjini!"

Goretti akaketi kwenye jiwe kando ya barabara, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Goretti, ulijua?"

"Tangu stendi."

"Sasa mbona haukusema?"

"Nilikuwa natii!"

Appolinaire aliinamisha macho kwenye miguu ya Goretti. Goretti akaogopa kwamba amemuumiza. Lakini mwanamume yule alipiga magoti palepale vumbini, akamvua viatu.

"Miye pia nilifundishwa," alisema. "Mume apende muke kama mwili wake mwenyewe. Sasa jicho likiona shimo, linanyamaza eti linaombea mguu? Linasema! Nikipotea, uniambie."

"Na kutii?"

"Tutasikilizana. Leo miye ndiye ninakufuata. Twende."

Wakarudi mjini, Goretti pekupeku mbele, Appolinaire nyuma amebeba viatu vya kike kama anabeba mayai. Wauza ndizi waliwapigia vigelegele. Walinunua satini nyeupe, na Goretti alipokataa ya bei ya juu, Appolinaire aliuliza sababu, akasikiliza, akakubali.

Jumamosi iliyofuata Goretti aliwasimulia wasichana yote, hata ng'ombe. Mmoja akauliza kama wafute walichoandika.

"Musifute," alijibu. "Andikeni na somo la wanaume, tena kwa herufi kubwa."

Walifunga ndoa Agosti, kanisa limejaa hadi madirishani. Mchungaji alimgeukia Goretti kumuuliza kama anamkubali Appolinaire. Kabla hajamaliza swali, Appolinaire, ambaye zamu yake haijafika, alipaza sauti, "Ndiyo!" Goretti naye akapaza yake juu zaidi, na wanakwaya wakaanza kuimba bila kungoja mtu.