Nyumba Isiyo na Saloni

Ninachokumbuka kwanza ni harufu ya mbao zilizolowa. Tulihama kijijini kwetu Ubwari kwa mtumbwi mkubwa wa injini, tumekalia nguzo na mlango wa nyumba yetu ya zamani. Injini ilipozimika ziwani, wanaume walipiga kasia mchana kutwa, huku babu, mzazi wa baba, akiwatania kwamba mlango ule peke yake ungefika kabla yao. Tulishuka mji wa Baraka tumebabuka kwa jua.

Kiwanja chetu cha mjini kilikuwa chembamba kama mkeka, na nyumba ilishiriki ukuta mmoja na ile ya Baba Neema, mfugaji aliyeteremka kutoka milima ya Bibokoboko. Baba alikuwa ameshaijenga. Mbele aliweka saloni, sebule ya wageni, fahari yake, yenye viti vya mito. Babu aliizunguka nyumba yote, akarudi mlangoni, akauliza lubunga iko wapi. Kwetu Wabembe lubunga ni banda la wazi lenye moto, ambapo wanaume hula, hupokea wageni na kumaliza ugomvi. Baba akajibu kwamba mjini hakuna nafasi. Babu hakupandisha sauti. Alisema siku ya soko atarudi Ubwari na mtumbwi uleule, kwa kuwa hawezi kuzeekea ndani ya sanduku. Nilificha kapu lake la safari chini ya kitanda changu. Baba alinuna, babu akawa anakula nje peke yake, mpaka mama, akisonga ugali, akamwambia baba wote wakisikia:

"Baba Asende, we unajenga saloni ya bageni, na mwenye anaitaga bageni iko anarudia Ubwari."

Kesho yake baba alibomoa ukuta wa mbele wa saloni. Nguzo za Ubwari zikashika paa. Baba Neema akatoka na kikombe cha maziwa, akatazama vumbi lile.

"Sasa mi nitabakia ndani, nasikilizaga kicheko yenu tu?"

Akaleta nyundo. Akabomoa na wa kwake, kisha wakaushusha ule wa katikati hadi usawa wa kiuno. Moto ukawashwa mpakani. Babu akaketi, halafu akamsogezea mama kigoda, jambo ambalo kijijini asingelifanya.

"Hii ni lubunga ya mujini. Bamama nabo bakae."

Kapu lake lilibaki chini ya kitanda hadi panya wakalimaliza.

Tangu hapo nimepanga Kalemie, Kigoma, na sasa Lubumbashi. Kila mji unajenga nyumba za kushikana, maridadi, ghorofa juu ya ghorofa, na wanaozichora huanza na geti. Mimi huwaambia waanze na mahali pa kukaa na jirani. Mwaka huu mwenye nyumba wangu amesikia: ameondoa uzio uliotutenga na jirani, akaweka mabenchi. Jioni ya kwanza nilikosa pa kukaa, nikasimama nikicheka.

Siku niliyoondoka Baraka moja kwa moja pia hapakuwa na nafasi ya kukaa. Sikupita nyumba kwa nyumba kuaga. Watu walinifuata lubungani, hata ndugu waliosafiri kutoka Nundu. Babu hakunipa mkono.

"Enda. Moto iko hapa."

Lori lilipopiga honi niligeuka nitazame nyumba yetu mara ya mwisho. Sikuiona. Watu walikuwa wameifunika.